Mkate Uliokwisha Kufunguliwa na Moto

Katika jamii ya mikate bapa, ambayo ni jamii kubwa iliyoenea tangu Bara Hindi mpaka Maghrib, mkate wa Kiarabu una sharti lake la pekee: mikate mingine humegwa, huchovywa au hukunjwa, ilhali huu hutakiwa ufunguke tumboni, upokee nyama, au maharage, au mboga pamoja na rojo lake, na ukibebe chakula hicho mpaka kinywani pasipo kumwaga tone. Watu wa Sham huuita khubz, Wamisri wana wa kwao uitwao baladi, na maduka ya mijini, Dar es Salaam kama London, huuza mikate ya namna hii ndani ya mifuko ya plastiki kwa jina la pita. Jina lolote litakalotumika, masikitiko ya mwenye kuununua ni yale yale: aufikishe nyumbani, auchukue baridi kama ulivyo, autie kisu ubavuni, na kabla hajafika nusu ya mzunguko tabaka moja lichanike katikati, tundu litokee mahali palipotakiwa pawe chini ya mfuko, na chakula kilichoandaliwa kwa taabu kiishie kuliwa kwa uma.

Nimewasikia watu wakiulaumu mkate, wengine wakimlaumu mwokaji, na wengine wakijilaumu wenyewe kwa uzito wa mikono yao. Mimi nina rai nyingine. Aghalabu mkate uliochanika ulikwisha kuharibiwa na baridi, na ukavu, na haraka, kabla mkono haujaugusa. Na mwenye kujua jinsi mfuko ule ulivyopatikana ndani ya tanuri atajua pia jinsi ya kuurudia kwa salama, kwa sababu mkate huu ulifunguliwa na moto siku ile ulipookwa, na kazi iliyobaki kwa mpishi ni kuitafuta njia iliyopitwa na mvuke.

Basi na tuanze tanurini. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na hamira, ukaachwa uumuke, ukakatwa madonge, na kila donge likasukumwa mpaka likawa duara yenye unene wa nusu sentimita au pungufu yake kidogo, kisha ikapumzishwa tena, maana unga uliotoka kusukumwa sasa hivi una ukaidi na hujivuta kurudi ulikokuwa. Tanuri la fundi huweza kupita nyuzi 400 za Selsiasi, na humo mkate hutosheka na dakika moja, pengine isitimie. Jiko la nyumbani likiwashwa kwa nguvu zake zote hufika nyuzi 250 hivi, na humo mkate hutaka dakika tatu au nne. Duara ile inapotua juu ya sakafu ya moto, uso wake wa chini hushikwa na harara ya matofali, uso wake wa juu ukashikwa na harara ya kuba, na nyuso zote mbili hukakamaa kabla ya unga wa katikati kupata habari. Maji yaliyomo katika unga huo wa katikati, ambao ungali mbichi na mlaini, hufika ghafula kwenye nyuzi 100 na kugeuka mvuke. Na kwa kuwa maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko ile yaliyokuwa nayo, na kwa kuwa juu na chini pana ngozi mbili zilizokwisha kuwa ngumu, mvuke hukosa pa kwenda isipokuwa kuupasua unga ule mbichi kwa ubapa wake, ukauinua upande wa juu, na mara kile kilichokuwa bapa kikawa tufe. Mkate ukitolewa nje mvuke hupoa, tufe hunywea, na matabaka mawili hulaliana tena, yakigusana pasipo kuungana.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushikwa. Matabaka ya mkate wa Kiarabu yameungana kwa hakika mahali pamoja tu, nayo ni ukingoni, kwenye ule utepe mwembamba unaouzunguka mkate wote. Kwingineko yamelaliana tu. Ikiwa duara ilikuwa na mkunjo, au kitundu, au ngozi yake ilikauka kwa kupigwa na upepo kabla ya kuokwa, mvuke hupata upenyo wa kutokea, na sehemu ile haitengani vema. Hilo ni doa la kuzaliwa nalo, na mikate mingi ya madukani ina doa moja au mawili ya namna hiyo. Tena matabaka hayo hayalingani unene. Moja huwa jembamba kuliko jenzake, na lile jembamba ndilo linalochanika kila mara. Mambo haya matatu, yaani ukingo ulioungana, doa lililoshikamana na tabaka lililo dhaifu, ndiyo ramani ya mkono unaofungua, na ataupotosha mkono wake yule asiyeyajua.

Mpishi wa chapati amekwisha kuuona mvuke huu kwa macho yake, pale chapati inapovimba juu ya chuma na yeye akaikandamiza kwa kitambaa ili iive sawasawa. Lakini mkate wa mofa wa mtama, uliokuwa ukiokwa katika visiwa na miji ya pwani yetu kwa tanuri la udongo, haukupata mfuko wala haukuutaka, kwa kuwa mtama hauna ule mnato wa ngano, uitwao gluteni, unaoweza kuuzuia mvuke, na kwa kuwa mkate unaobandikwa ubavuni mwa tanuri hupata harara kali upande mmoja. Mkate bapa kwa jumla ni wa kale kuliko kilimo chenyewe: katika jangwa la mawe meusi la kaskazini-mashariki ya Yordani, mahali paitwapo Shubayqa, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta ndani ya meko makombo ya mkate yaliyoungua, uliotengenezwa kwa nafaka za mwitu pamoja na mizizi ya mimea ya majini, na mwaka 2018 ikatangazwa kuwa makombo hayo yana umri wa miaka 14,400 hivi, yapata miaka elfu nne kabla ya watu wa nchi zile kuanza kulima ngano. Watu wale walikuwa na moto na mawe, na mkate wao ukawa bapa. Mfuko mpana, wenye kuenea mkate mzima tangu ukingo hata ukingo, ni zawadi ya tanuri lenye sakafu na kuba, ambamo harara hutoka chini na juu kwa wakati mmoja.

Sijui mahali panapomfunza mtu tabia ya mkate huu kuliko Kairo. Baladi wa Misri hutengenezwa kwa unga wa ngano usiochekechwa mno, ukabaki na sehemu kubwa ya pumba zake, na pumba nyingine hunyunyizwa chini ya duara ili zisishike. Mkate wenyewe una upana wa shubiri moja hivi, rangi ya kahawia, na madoa meusi mahali ulipobusiwa na moto. Ni chakula cha kila nyumba na ni jambo la dola. Serikali hulipia sehemu kubwa ya gharama yake, na mwenye kadi ana haki ya mikate mitano kwa siku, kila mmoja ukiwa na uzito wa gramu 90. Bei yake ilikaa kwenye piasta tano kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka tarehe 1 Juni 2024 ilipopandishwa kuwa piasta ishirini. Mwezi wa Januari 1977 serikali ya Rais Anwar Sadat ilipotangaza kupunguza ruzuku ya vyakula vya lazima, watu walitoka mabarabarani tarehe 18 na 19, tangu Aswan mpaka Iskandaria, na amri ile ikarudishwa nyuma upesi. Wananchi wenye kuuheshimu mkate kiasi hicho hawawezi kuwa wamepuuza namna ya kuushika.

Na kweli hawakupuuza. Mnunuzi aliyepokea mikate yake dirishani kwa mwokaji, ingali inafuka, hakimbilii kuirundika mfukoni. Huitandaza kwanza, mmoja mmoja, juu ya kichanja cha vijiti vya mtende, au juu ya gazeti kwenye ukuta mfupi, au hata juu ya boneti ya gari lililoegeshwa kando ya njia, akaipepea, akaigeuza, akangoja mvuke wa kwanza utoke ndipo aipange. Mgeni hudhani kuwa anaipoza kwa ajili ya mikono yake. Sababu ni kubwa kuliko hiyo: mikate ikirundikwa ingali moto, uzito wa ile ya juu huikandamiza ile ya chini, mvuke hugeuka maji ndani ya tumbo, na matabaka yaliyotenganishwa na moto hugandana upya, safari hii kwa rutuba na shinikizo, na mgando huo ni mgumu kuuachanisha kuliko wa mwanzo. Nao vijana wapandao baiskeli, wenye kupita katikati ya magari wakiwa na vichanja vya mikate vichwani, hubeba mikate iliyotandazwa kwa nafasi, hewa ikipita baina yake. Kwa hiyo mkate wetu una maadui wawili wanaopingana: ukavu unaoufanya ukatike, na maji mengi yanayoufanya ugande. Kazi ya mpishi ni kupita katikati yao.

Ukavu una hadithi ndefu zaidi, na humo ndimo wengi wanamokosea. Wanga wa ngano, uliolegea na kunywa maji ndani ya tanuri, huanza kujipanga upya mara mkate unapopoa, chembe kwa chembe, mpaka ukarudia ugumu wake na kuyaachia maji uliyoyashika. Mkate ukawa mkavu kinywani hata kama hakuna tone lililotoka nje ya mfuko wa plastiki. Badiliko hilo huenda mbio kabisa katika baridi iliyo juu kidogo ya kuganda, na hiyo ndiyo baridi ya jokofu. Naomba jambo hili lisikizwe vizuri, kwa sababu desturi ya kuweka mkate jokofuni imeenea sana katika nyumba zetu, nayo inaharibu mikate mingi kwa nia njema: mkate wa Kiarabu uliolala jokofuni usiku mmoja huwa mgumu kuliko ule uliolala mezani ndani ya kitambaa. Unaotakiwa kuliwa leo au kesho na uachwe katika hewa ya chumba, umefunikwa. Unaotakiwa kukaa zaidi ya hapo na uingizwe katika friza siku ile ile uliponunuliwa, kwani katika baridi kali ya kugandisha wanga husimama pale ulipo. Hapa pwani, ambapo joto na unyevu huleta ukungu kwa haraka, nasema friza bila kusita. Karatasi itiwe baina ya mkate na mkate ili kila mmoja utoke peke yake, na mtu asijaribu kuuachanisha ungali barafu, maana mkate ulioganda huvunjika.

Faraja yetu ni kuwa wanga uliokakamaa hulegezeka tena. Mkate ukipata joto la kupita nyuzi 60, na ukiwa na unyevu kidogo wa kunywa, wanga hulegea, unga hupata tena unyumbufu wake, na kwa muda wa dakika kadhaa mkate wa jana huwa na tabia ya mkate wa leo. Dakika hizo ndizo za kufungulia. Zikipita, mkate hupoa ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa mwanzo, na kuupasha mara ya tatu ni kuutesa. Kwa hiyo hupashwa ile tu itakayoliwa katika mkao ule, na chakula cha kujazia huwa tayari kabla ya mkate kuguswa na moto. Nimekuwa nikiliona jambo hili likipinduliwa katika karamu nyingi, mikate ikapashwa mapema ili wageni wasingoje, kumbe ni heri mgeni angoje mkate kuliko mkate kumngoja mgeni.

Namna ninayoipenda kuliko zote ni ya chuma cha chapati. Chuma kiwekwe juu ya moto wa wastani, pasipo mafuta. Vidole vichovywe maji na kung'utwa juu ya mkate, pande zote mbili, matone machache ya kuung'arisha uso pasipo kuulowesha. Kisha mkate ulazwe juu ya chuma kwa muda wa nusu dakika, ugeuzwe, ukae nusu dakika nyingine. Matone yale hugeuka mvuke, sehemu yake ikaingia ndani, na mkate ukiwa bado na uhai utauona ukianza kuinuka mahali fulani, pengine upande mmoja, pengine wote, kwa namna ile ile ulivyoinuka tanurini. Tazama ni wapi unapoinuka na ni wapi unapokataa, kwa kuwa mkate unakuonyesha mfuko wake na doa lake kabla hujakishika kisu. Usiukandamize. Yule aliyezoea chapati atatamani kuubonyeza kwa kitambaa, na humu ubonyezaji ni dhara, maana huyaunganisha matabaka ambayo mvuke unahangaika kuyatenga.

Kwa aila kubwa, chuma kitachelewesha watu, na hapo tanuri ni bora: mikate mitano au sita inyunyiziwe maji, ifungwe pamoja ndani ya karatasi ya foili, itiwe katika joto la nyuzi 180 kwa dakika kumi hivi. Mvuke wa sufuria nao ni mzuri, hasa kwa mkate uliokauka mno, mradi mkate ukae juu ya chujio mbali na maji yenyewe, na usipite dakika moja, ama sivyo utatoka umelowa na utachanika kwa udhaifu badala ya kuchanika kwa ugumu. Moto wa wazi, wa mkaa au wa gesi, huupa mkate harufu tamu ya kuungua kidogo ambayo hakuna chombo kingine kinachoweza kuileta, lakini hukausha, kwa hiyo unaufaa mkate wa siku ile ile tu. Ama maikrowevu, ambayo wengi huikimbilia, huchemsha maji ya mkate mahali pote kwa pamoja na kuyatoa nje kwa nguvu, ndiyo sababu mkate uliopashwa humo hutoka mlaini wa kudanganya na kugeuka ngozi ya kiatu baada ya muda mfupi. Asiye na budi na auviringe katika kitambaa kibichi, aupe sekunde kumi mpaka ishirini, asizidishe, na aufungue papo hapo.

Mkate uliopashwa kwa njia yoyote nyingine hauna haja ya kufunguliwa papo hapo. Uingizwe ndani ya kitambaa kikavu cha pamba kilichokunjwa, ukae humo dakika moja au mbili. Kitambo hicho huueneza unyevu tangu katikati mpaka ukingoni, ambako ndiko mkate ulikokauka zaidi na ndiko kisu kitakakopita, na kitambaa hunywa maji yaliyozidi. Kina faida nyingine: mvuke unaotoka mkate unapofunguliwa tu ungali na joto la kuunguza, na kwa mtoto anayejifunza ni vema utulie kwanza.

Sasa kufungua kwenyewe. Mkate ulazwe juu ya kiganja kimoja na upigwepigwe kidogo kwa kiganja cha pili, kwa upole, ili sehemu zilizolaliana ziachiane. Kisha uamuliwe utafunguliwa vipi. Njia iliyo salama zaidi ni kuukata katikati kwa mkasi au kwa kisu chenye meno, ukapata nusu mbili, kila moja ikiwa na mdomo mpana ulio wazi. Wamisri hufanya hivyo kwa ful, yaani maharage yaliyopikwa yakalainika, na kwa ta'amia, yaani bajia za maharage, na nusu moja hutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Anayetaka mkate mzima na akate utepe wa ukingoni wenye upana wa kidole, katika theluthi moja ya mzunguko, isizidi. Kisu kiende mbele na nyuma kwa meno yake na kisisukumwe chini, kwani kisu butu kinachosukumwa huzibana ngozi mbili pamoja, na mdomo ukafungika kwa kitendo kile kile kilichokusudiwa kuufungua.

Utepe uliokatwa usitupwe, una kazi yake mbele.

Mdomo ukipatikana, vidole gumba viingie kwa ubapa wake, kucha zikiwa zimekatwa fupi, na visiende moja kwa moja mpaka mwisho, bali viende kushoto na kulia, vikiuachanisha mkate kwa upana kabla ya kuuachanisha kwa kina, na vikome kiasi cha upana wa vidole viwili kabla ya kufika ukingo wa upande wa pili. Hapo patabeba uzito wote, na ni lazima pabaki pazima. Kidole kikikutana na doa lililogandana, mkono usimame. Kuvuta ndiyo haraka inayouchana mkate. Kichukuliwe kisu cha mezani chenye ncha ya mviringo, kilazwe bapa ndani ya mfuko, kiinamishwe kidogo kuelekea tabaka lililo nene, na kisogezwe polepole chini ya doa. Ikiwa ni lazima chembe za mkate zibanduke, basi zibanduke kutoka kwa tajiri, yaani lile tabaka nene, na lile jembamba lisipungukiwe kitu. Doa likikataa hata hivyo, mkate urudi juu ya chuma na tone la maji kwa sekunde chache, ndipo ujaribiwe tena. Na kama mahali pale pamekuwa unga mmoja tangu kuokwa, mfuko na uishie hapo, uwe mdogo. Mfuko mdogo ulio mzima unafaa kuliko mkubwa wenye tundu.

Iko mikate ambayo haina mfuko kamwe, na huo wa Kiyunani, wenye kuzungushiwa nyama ya kuchoma katika vibanda vya Athens, ni mmojawapo: huo huwa mnene na wa unga mmoja, umetengenezwa ili ukunjwe, na mwenye kuutia kisu ubavuni anaudai kile usichokuwa nacho. Madukani huuzwa kwa jina lile lile la pita, basi mnunuzi autazame vizuri.

Kabla ya kujaza, ule utepe uliohifadhiwa hukunjwa na kushushwa mpaka chini ya mfuko, ukawa msingi wa pili mahali penye hatari zaidi, na huko utakunywa rojo ambalo lingepenya nje. Mkate ushikwe tabaka nene likielekea kiganjani na jembamba likielekea juu. Rojo la ufuta lipakwe kwenye tabaka nene. Jani la saladi, au tango lililokatwa na kukaushwa kwa kitambaa, lilinde lile jembamba. Vitu vizito na vya moto vikae katikati. Nyanya na achari, ambazo maji yake hayazuiliki, ziingie mwisho. Watu wa Beirut, wenye mkate mpana na mwembamba mno, wamechagua njia nyingine kabisa kwa falafeli: huutenganisha mkate wote ukawa duara mbili, wakazilaza moja juu ya nyingine, uso wa ndani wenye mparuzo ukielekea chakula kwa kuwa hushika rojo vema, wakajaza na kuviringa ndani ya karatasi. Kwa mkate wao huo naona wana haki, maana unene ule hauwezi kubeba mfuko uliojaa.

Kujaza mkate ni sanaa ya kale katika nchi zile. Mshairi Ibn al-Rumi wa Baghdad, aliyeishi katika karne ya tisa, alitunga shairi lenye kueleza namna ya kuandaa wast, chakula kinachopangwa baina ya mikate miwili, nyama ya kuku pamoja na lozi, jibini na mayai, kila kitu safu kwa safu; na shairi hilo limehifadhiwa katika kitabu cha al-Masudi, mwanahistoria na msafiri yule yule aliyefika Kanbalu mwaka 916, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanakinasibisha na Pemba, na aliyeandika habari za pwani ya Wazanji. Mtu mmoja, kwa kalamu moja, alituhifadhia khabari za bahari yetu na adabu ya mkate uliojazwa. Na mawasiliano hayo hayajakatika: mjini Maskati, katika nyumba ambamo Kiswahili kingali kinasemwa na aila zilizotoka Unguja, mkate huu, ambao katika Ghuba huitwa wa Kilebanoni, hukaa mezani pamoja na chapati na mandazi, na mwanamke wa nyumba huwaonya watoto wasiuache chini, kwani mkate ulioanguka huokotwa, hufutwa na kuwekwa mahali pa juu, kama wafanyavyo wazee wa Sham na wa Misri.

Kwa ajili ya heshima hiyo, mkate uliochanika juu ya yote yaliyofanywa hauna sababu ya kutupwa. Wamisri huutia vipande chini ya wali na mchuzi wa nyama wenye siki na thumu, wakaupata fatta, chakula cha Sikukuu ya Mfunguo Tatu. Washami huumiminia dengu na maziwa ya mtindi. Na katika Lebanoni hufanywa fattush. Ili kuipata fattush hiyo, mkate umegwe vipande vya kiasi cha sarafu kubwa, matabaka yakiwa yametenganishwa, upakwe mafuta ya zeituni kidogo na chumvi, uokwe katika nyuzi 180 mpaka uwe na rangi ya asali, kama dakika kumi, na uachwe upoe kabisa. Nyanya, tango, figili, nanaa na majani ya kitunguu yakatwe na kutiwa ndimu na sumaki, ile punje nyekundu ya Sham yenye uchachu, na mkate uingizwe mwishoni kabisa, watu wakiwa wamekwisha kunawa mikono, ili ufike kinywani ukiwa bado unalia.